Ifriti kwenye skrini: hekaya inavyobeba gemu za mtandaoni

Mzazi wa hapa kwetu akipita nyuma ya mwanawe na kuona kwenye skrini kiumbe cha moto chenye pembe, kisha akasoma jina lake Ifrit, hatangoja maelezo. Atasema, "Astaghfirullah, zima hiyo!" Ana haki ya kushtuka, kwani ifriti si neno geni masikioni mwetu. Lakini mzazi anayetaka kumwongoza kijana wake ni vyema kwanza aelewe ni kitu gani kinachomkalisha pale saa tatu nzima. Mara nyingi si mapigano peke yake. Ni hekaya.

Gemu ninazozungumzia ni zile ambazo maelfu ya watu hukutana katika dunia moja ya kubuni kupitia intaneti. Kila mmoja huunda mhusika wake, akampa jina, kabila na kazi, kisha akasafiri na wenzake ambao huenda wako Tokyo au London. Gemu kama hiyo haina mwisho kama filamu. Nyingi hutoza ada kila mwezi, na kampuni inataka mchezaji alipe kwa miaka. Panga jipya na nguo mpya humchosha mtu baada ya wiki chache. Kinachomrudisha ni maswali. Ngome hii ilibomolewa na nani? Mbona makabila haya mawili hayasalimiani? Yule mzee aliyepotea yuko wapi?

Majibu ya maswali hayo, yakikusanywa pamoja, ndiyo hekaya ya gemu: nasaba, vita, dini, ramani na misiba ya dunia ambayo haipo. Kampuni kubwa huajiri waandishi kwa kazi hiyo tu.

Dunia iliyouawa kwa makusudi

Mfano bora ninaoujua ni wa gemu iitwayo Final Fantasy XIV, iliyotolewa na kampuni ya Square Enix ya Japani tarehe 30 Septemba 2010. Mambo yaliharibika mapema. Gemu ilikuwa nzito, menyu zake zilisumbua, na milima na mapango yake yalijirudia kana kwamba yamepigwa muhuri mmoja. Kufikia Desemba mwaka huohuo kampuni ilikuwa imeomba radhi, ikaongeza muda wa kucheza bila malipo, na kumkabidhi mradi kiongozi mpya, Naoki Yoshida.

Yoshida na wenzake waliamua kujenga gemu upya tangu msingi, huku wakiendelea kuitunza ile mbovu. Lakini dunia ya gemu hiyo, iitwayo Eorzea, tayari ilikuwa na watu. Wachezaji walikuwa na wahusika wao, marafiki na kumbukumbu. Utawaambiaje kwamba nchi yao yote itafutwa? Wangeweza kutoa tangazo na kuzima mitambo. Badala yake waliamua kuiua dunia ile ndani ya hekaya yenyewe.

Juu ya Eorzea kulikuwa na miezi miwili. Ule mdogo, Dalamud, ulianza kuonekana mkubwa zaidi na mwekundu zaidi kadiri muda ulivyopita. Mchezaji akiinua macho aliuona unakaribia. Katika hekaya ikaelezwa kwamba kuna adui anayeuvuta uanguke. Tarehe 11 Novemba 2012 mitambo ilizimwa, na wachezaji wakaonyeshwa filamu fupi. Majeshi yanapigana uwandani, mwezi unapasuka, na kumbe haukuwa mwezi bali gereza. Ndani yake linatoka joka liitwalo Bahamut na kuiunguza nchi. Mzee mmoja mwanachuoni, Louisoix, anajaribu kulifunga tena na kushindwa. Kwa nguvu alizobakiwa nazo anawarusha mashujaa wake mbele katika wakati, na mashujaa hao ndio wachezaji.

Gemu mpya ilifunguliwa rasmi tarehe 27 Agosti 2013. Katika hekaya, miaka mitano ilikuwa imepita. Ramani imebadilika? Ni kwa sababu ya msiba ule. Fuwele kubwa zimechomoza ardhini? Ni athari zake. Na yule mchezaji wa zamani, mbona wenyeji hawamtambui? Kwa sababu watu wanakumbuka kwamba mashujaa walikuwapo, lakini kila wakijaribu kuzikumbuka nyuso zao, ni kama wanamtazama mtu aliyesimama mbele ya jua kali. Hitilafu ya kibiashara ikageuzwa kuwa huzuni ya watu wa nchi ile. Gemu hiyo inachezwa hadi leo.

Kanuni ambazo tunazijua

Kutokana na kisa hiki tunaona dunia ya kubuni husimama juu ya mambo matatu. Kwanza, kila kitu kiwe na sababu. Kilima hakiwekwi tu, kina kilichokileta. Pili, mgeni asipewe habari zote kwa mkupuo. Mvuvi anajua kidogo, askari anajua kidogo, na kila mmoja anasema kwa upande wake. Tatu, lililokwisha kusemwa lisisahauliwe.

Hilo la tatu ndilo gumu zaidi, na wanaolilinda mara nyingi ni wachezaji. Mwaka 2010, katika mkutano wa mashabiki wa kampuni ya Blizzard ya Marekani, inayotengeneza World of Warcraft, kijana aliyevaa shati jekundu alisimama kwenye maikrofoni. Akauliza kwa nini Falstad, kiongozi wa ukoo wa Wildhammer, hayumo katika baraza jipya la koo tatu. Jukwaani wakamuuliza, kwani hakufa? Kijana akawajibu kwamba yu hai, na yumo ndani ya gemu yao tangu ilipoanza. Kampuni ilirekebisha kosa, kisha ikamweka ndani ya gemu mhusika mdogo mwenye shati jekundu ambaye kazi yake ni kuhakiki habari.

Sisi watu wa Pwani hatushangazwi na hayo. Asimame mtu barazani aseme Fumo Liongo alikufa maji. Hatamaliza maneno yake. Ataambiwa: sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe, akafa amepiga goti kisimani na upinde wake mkononi. Wengine watabishana kama alikuwa mwanawe au mpwawe. Hakuna atakayekubali kuibadilisha sindano.

Huyo Ifriti ni nani?

Sasa turudi kwa yule kiumbe wa moto. Katika Eorzea, Ifrit ni mmoja wa viumbe ambao makabila fulani huwaabudu kama miungu. Lakini hekaya inaeleza kwamba viumbe hawa huumbika kutokana na dua za watu waliokata tamaa pamoja na fuwele zilizokusanywa. Wakishaitwa, hunyonya uhai wa ardhi, na wanaowaabudu hupoteza hiari yao wakawa watumwa. Mchezaji hatakiwi kumwabudu Ifrit. Anatakiwa kumwangusha. Kijana aliyeifuata hekaya hiyo vizuri amepita katika kisa cha watu waliojitengenezea mungu, kisha mungu huyo akawala. Kama kucheza kwenyewe kunafaa au hakufai, hilo si langu. Masheikh wapo, na waulizwe wakiwa wameelezwa kisa kamili.

Majina nayo yametoka mbali. Pamoja na Ifrit yumo Titan wa Wagiriki na Garuda wa Wahindi. Bahamut alikuwa samaki mkubwa katika vitabu vya zamani vya Kiarabu vya maajabu, akibeba ng'ombe anayebeba dunia. Hayo si maneno ya Qur'ani. Ni hekaya za watu. Jina likaingia katika vitabu vya Ulaya. Miaka ya 1970 mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, ukamgeuza samaki kuwa joka, kisha Wajapani wakalichukua joka hilo wakaliingiza katika gemu zao. Leo jina hilo linamfikia kijana wa Mombasa kwa ada ya mwezi, naye analidhani ni la Kijapani.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Wenzetu wanaokota samaki kwenye kitabu cha Kiarabu wakamfanyia biashara. Sisi tuna Liongo, tuna magofu ya Gedi na Takwa, tuna visa vya Pate na Lamu vilivyojaa fitina za kutosha kuendesha gemu kwa miaka kumi, na kijana wetu anajua nasaba za wafalme wa Eorzea kuliko hizo. Kosa si lake. Eorzea ilimjibu alipouliza.

Kwa hivyo mzazi, mambo matatu. Moja, jua ada inalipwa na nani, na mwanao anazungumza na nani humo ndani. Mbili, fahamu kwamba mapambano makubwa katika gemu hii hufanywa na watu wanane pamoja na hayasimamishwi katikati. Ukimwita wakati adhana ya Magharibi inalia atakwambia "dakika moja" na ataikosa jamaa. Mkubaliane mapema kwamba ikibaki nusu saa haingii. Tatu, kaa karibu naye siku moja umuulize ni nani aliyemwita Ifrit, na kwa nini. Akimaliza kukueleza, na atakueleza kwa urefu, nawe msimulie ya Liongo, kisha mwache aulize maswali yake.