Mkanda Unaoamua Sauti ya Saksafoni
Misheni ya Mbozi ilianzishwa mwaka 1899 na Wamoraviani, watu wenye desturi ya kale ya kumsifu Mungu kwa matarumbeta. Mpiga tarumbeta hubeba chombo chake mikononi. Akihamia saksafoni ya alto, takriban kilo 2.5 humning'inia shingoni kwa mkanda.

Hapo mkanda ni kila kitu. Ukishuka mno, mpigaji huinamisha kichwa, koo hubanwa na sauti hufifia. Ukipanda mno, kidevu huinuka, midomo hukaza, na sauti hutoka nyembamba.

Simama wima, legeza mabega, tazama mbele. Kisha vuta mkanda mpaka kipulizio kikufuate mdomoni, si wewe ukifuate. Ukiketi, upime upya.