Dokta Rosenbach, mtu wa minada

Aprili 3, 1928, katika ukumbi wa Sotheby's jijini London, bibi wa miaka 75 alihudhuria mnada wa zawadi aliyopewa utotoni. Kilikuwa kitabu kilichoandikwa kwa mkono, chenye picha 37 zilizochorwa na mwandishi mwenyewe, mwalimu wa hisabati wa Oxford tunayemjua kwa jina la Lewis Carroll. Hadithi iliyomo ilikuja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na bibi huyo ndiye Alice mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki, kodi ya mirathi inadaiwa, ikabidi auze.

Dau lilipanda hadi pauni 15,400, karibu dola 75,000 za wakati ule. Aliyeshinda ni Mmarekani, A. S. W. Rosenbach wa Philadelphia, ambaye wateja na washindani wake wote walimwita Dokta.

Udokta alikuwa nao kweli, wa fasihi, alioupata Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1901. Lakini shule yake hasa ilikuwa duka la mjomba wake, Moses Polock, muuza vitabu vya kale aliyesifika kwa tabia moja isiyofaa katika biashara: hakupenda kuuza. Mpwa alirithi mapenzi ya mjomba, ila uchoyo aliupunguza. Akiwa bado mwanafunzi alinunua mnadani, kwa dola 3 na senti 60, furushi la vijitabu vilivyojalidiwa pamoja. Alipokagua ndani akakuta kijitabu cha Samuel Johnson cha mwaka 1747 ambacho wataalamu walikuwa wamekitafuta bila mafanikio.

Wauza vitabu vikuukuu wa barabarani, kule Posta mjini Dar es Salaam au katikati ya Nairobi, watauelewa mkasa huo mara moja. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kujua kilichomo kabla mwenye mali hajajua.

Ila bahati ya senti haijengi kampuni. Mwaka 1903 Rosenbach aliungana na kaka yake Philip, aliyeshughulikia samani na vitu vya sanaa, na taratibu akagundua siri ambayo wengine waliiogopa. Kitabu adimu hakina bei ya kilo kama sukari. Bei yake ni ile ambayo mtu wa mwisho ukumbini amethubutu kuitamka. Basi yeye akawa anaitamka kwa sauti kubwa, magazeti yakisikia. Mwaka 1926 alitoa dola 106,000 kwa Biblia ya Gutenberg, na muda si mrefu akamuuzia mama tajiri aliyeitoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha Yale. Kila rekodi aliyoiweka ilipandisha thamani ya vitabu vilivyokuwa tayari kwenye rafu zake. Sidhani huo ulikuwa ulaghai, lakini haukuwa ukarimu pia.

Henry Huntington, Henry Folger na ukoo wa Morgan walikuwa wateja wake, na kwa fedha zao hazina nyingi za majumba ya mabwana wa Uingereza zilivuka Atlantiki. Waingereza walilalamika sana. Sisi ambao miswada ya kale ya tenzi zetu huifuata London na Hamburg tunaweza kuwasikiliza Waingereza hao kwa tabasamu kidogo. Rosenbach alinunua hadharani, tena kwa kushindana bei.

Mkusanyo wake unaonivutia zaidi si wa Biblia bali wa vitabu vya watoto wa Kimarekani vya karne zilizopita, ambao msingi wake ulitokana na mjomba Polock. Vitabu hivyo vilichapwa kwa wingi na kuuzwa rahisi, na ndiyo maana vimekuwa adimu. Watoto walivichana, wakavichorachora, wakavitafuna, na hakuna mzazi aliyeona haja ya kuviweka. Mwaka 1947 aliutoa mkusanyo huo bure kwa maktaba ya umma ya Philadelphia.

Mwaka huohuo alinunua kwa dola 151,000 nakala ya kitabu cha zaburi kilichochapwa Massachusetts mwaka 1640. Watu walishika vichwa. Nakala nyingine ya zaburi hizo iliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 14.

Na kitabu cha Alice? Rosenbach alikiuza kwa tajiri wa santuri, Eldridge Johnson. Johnson alipofariki kikarudi mnadani mwaka 1946, na Dokta akakinunua tena, kwa dola 50,000, safari hii kwa niaba ya Wamarekani waliochanga. Novemba 1948 wakakikabidhi kwa British Museum, shukrani kwa taifa lililosimama mbele ya Hitler wakati Marekani ingali ikijiandaa.

Rosenbach alifariki mwaka 1952. Nyumba ya ndugu hao katika mtaa wa Delancey Place sasa ni makumbusho, na humo umo mswada wa Ulysses kwa mkono wa James Joyce, alioununua mwaka 1924 kwa dola 1,975. Joyce aliona bei hiyo ni dharau. Mwaka 2000 rasimu ya sura moja tu ya riwaya hiyo ilinunuliwa na Maktaba ya Taifa ya Ireland kwa zaidi ya dola milioni moja. Mswada wa Philadelphia Dokta hakuuuza kamwe.