Chakula cha mugonjwa aliyepasuliwa mufuko wa chakula



Mugonjwa wako amepasuliwa, na sasa munganga anasema anaweza kurudi nyumbani. Kidonda cha inje kinapona. Lakini wagonjwa wengine, wakifika nyumbani, wanakonda kila juma mpaka nguvu inakwisha, kwa sababu wanalishwa kama zamani. Soma mashauri haya, na umusomee pia yule anayekusaidia kupika.

Mashauri haya ni kwa mutu aliyepasuliwa mufuko wa chakula wenyewe. Kama alipasuliwa ngiri, ao mama alipasuliwa kwa kuzaa, uulize munganga chakula chake.

Ni nini kimebadilika ndani?

Chakula tunachomeza kinafika kwanza katika mufuko wa chakula. Mufuko ule unakisaga, kisha unakiachilia kidogo kidogo kuingia katika utumbo. Munganga akikata kipande cha mufuko, nafasi inabaki ndogo na chakula kinashuka mbio. Ndiyo sababu sahani kubwa ya bugali inamuletea maumivu na kutapika. Si kiburi, wala hadharau mapishi yako.

Siku za kwanza

Usimupe kitu, hata maji, kama munganga hajaruhusu. Ndugu wanaokuja kumuangalia wanaleta sukre na mikate. Upokee kwa shukrani, lakini uweke pembeni. Munganga akiruhusu, anza na vijiko vichache vya maji yaliyochemshwa. Kisha supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi, kisha vyakula laini. Usiruke hatua.

Namna ya kumulisha nyumbani

1. Umupe chakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Sahani ya mutoto inatosha.

2. Ale polepole, akiwa ameketi, na atafune sana.

3. Asikunywe maji wala chai pamoja na chakula. Angoje nusu saa kisha kula. Maji yanajaza mufuko na kusukuma chakula kishuke upesi.

4. Kila mara anapokula, kuwe na chakula cha kujenga mwili: yai lililochemshwa, samaki, sambaza ao ndakala zilizosagwa, nyama laini, maharagi yaliyopondwa, unga wa soja ao wa karanga ndani ya uji. Kidonda hakifungi vizuri kwa bugali peke yake.

5. Sombe na lengalenga ni nzuri, lakini zitwangwe na ziive sana. Akila chungwa ao embe, ateme nyuzi. Nyuzi zinaweza kujikusanya ndani na kufunga njia.

6. Aache pombe, lutuku, kasiksi na tumbaku. Pilipili ingoje.

7. Asimeze aspirini ya sokoni kwa maumivu. Inaweza kutoboa tena.

Mbona anatoka jasho kisha kula?

Wagonjwa wengine, karibu nusu saa kisha kula, wanatoka jasho, moyo unapiga mbio, tumbo linanguruma, wanaharisha. Jamaa inaogopa na kusema: amelishwa sumu, ao amelogwa. Hapana. Mara nyingi ni sukari. Sukre, chai yenye sukari nyingi, asali, vyote vinashuka mbio katika utumbo na kuvuta maji kutoka damu. Umulalishe nusu saa, itapita. Kesho upunguze vitu vitamu. Kwa watu wengi shida hii inapungua kwa miezi.

Damu na kilo

Wewe unajua kadi ya mutoto: mustari ukishuka, kuko shida. Fanya vile vile kwa mugonjwa wako. Apimwe kilo kila anaporudi hospitali. Kilo zikizidi kushuka, usingoje.

Umupe majani, maharagi na maini pamoja na tone la ndimu, ili mwili upate chuma cha kutengeneza damu. Tena, mufuko wa chakula unasaidia mwili kupokea vitamini B12. Mutu aliyeondolewa mufuko wote haipokei vizuri, hata akila maini kila siku. Anahitaji sindano ya vitamini hiyo maisha yake yote. Akiba ya mwili inaweza kudumu miaka mitatu ao zaidi, kwa hiyo mutu anajiona muzima, anaacha sindano, kisha damu inapunguka na miguu inakufa ganzi. Asiache.

Kidonda kisirudi

Zamani tulizani kidonda cha tumbo kinatoka kwa mawazo na pilipili. Katika mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliona mikrobe inayoleta vidonda vingi vya namna hii. Kuko dawa za kuiua. Uulize munganga kama mugonjwa wako alizipata, na azimalize zote.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo kama:
– anatapika kila kitu, ao anatapika damu;
– choo ni cheusi kama lami;
– tumbo linavimba na hatoi hewa;
– ana homa, ao kidonda kinatoa usaha;
– maumivu makali yanaanza ghafula.

Mama, usimulazimishe kumaliza sahani. Umupe kidogo sasa, na kidogo tena kisha saa mbili. Hivyo ndivyo nguvu yake itarudi.