Fimbo ya Gofu Nayo Hutaka Kutunzwa Kama Jembe

Mkulima akirudi shambani jioni halitupi jembe lake uani. Kwanza hulikung'uta udongo, hulifuta kwa majani au kwa kitambaa, kisha huliweka mahali pakavu. Hakufundishwa na mtu. Ameona mwenyewe kwamba jembe lililolala na udongo mbichi huamka na kutu.

Leo tunataka kueleza juu ya chombo kingine chenye kichwa cha chuma na mpini. Wengi wetu hatuna chombo hicho nyumbani, lakini baadhi yetu tunakibeba begani kila wiki. Ni fimbo ya kuchezea gofu. Viwanja vya gofu haviko katika miji mikubwa tu. Viko Kericho na Nandi Hills, katikati ya mashamba ya chai. Viko Arusha na Moshi. Kiko kimoja Jinja, kando ya mto Naili, ambako kuna kanuni ya siku nyingi kwamba mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji anaweza kuuokota na kuuweka pembeni bila adhabu.

Kando ya viwanja hivyo wanaishi watu, na kutoka kwao hutoka makedi, yaani wachukuzi wa mfuko wa fimbo. Kedi hulipwa kwa kila mzunguko wa mchezo. Mchezaji akipewa fimbo yenye matope, leo atanyamaza. Wiki ijayo utamwona anamwita kedi mwingine. Basi kusafisha fimbo ni kazi yenye unga wa watoto ndani yake.

Mfuko mmoja hubeba fimbo 14 na si zaidi. Zipo zenye kichwa kikubwa cha mviringo, za kupeleka mpira mbali. Hizo zamani zilikuwa na vichwa vya mti kweli, na mpaka leo wazee wa mchezo huziita za mti, ingawa siku hizi nyingi ni za chuma chepesi na ndani ni tupu. Zipo za chuma zenye uso bapa na namba kichwani. Namba ikiwa kubwa mpira huruka juu zaidi na kuanguka karibu zaidi. Mwisho iko moja ya kusukumia mpira taratibu uingie shimoni.

Tazama uso wa fimbo ya chuma. Utaona mistari midogo iliyochimbwa kutoka upande huu hadi upande ule. Wengine hudhani ni pambo. Siyo. Mistari ile ni mifereji, kama ile tunayochimba shambani ili maji ya mvua yapate njia. Fimbo inapopiga mpira hubana majani, na majani hutoa maji. Maji yale yakipata mfereji wa kuingia, chuma hushika mpira na mpira huruka ukizunguka kinyumenyume, ukianguka hutulia. Mfereji ukiziba kwa udongo, mpira huteleza usoni, na ukianguka hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Mifereji hiyo ni midogo sana. Kwa kanuni za mchezo kina chake hakizidi nusu ya milimita na kitu kidogo tu. Kwa hiyo udongo kiasi cha chembe ya unga unatosha kuiziba.

Dawa ya kwanza ni kitambaa. Beba taulo, lowesha nusu yake na uache nusu nyingine kavu. Kila baada ya pigo futa uso kwa upande wenye maji, kisha kwa upande mkavu. Fanya hapo hapo, mkiwa mnatembea. Udongo mwekundu wa nyanda za juu ukiwa mbichi hutoka kwa mpanguso mmoja, lakini ukishakauka utausugua mpaka mkono uume.

Jioni ndiyo kuosha kwenyewe. Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, maana tulilitenda tukidhani tunafanya vizuri. Tulipewa mfuko wa fimbo tuusafishe. Tukachemsha maji mpaka yakatoa mvuke, tukatumbukiza fimbo zote, kubwa na ndogo, tukaziacha humo huku tunapiga soga. Kisha tukachukua mchanga na majivu, kama mama anavyosugua sufuria, we sugua tu! Ziling'aa kweli. Mwenye fimbo akatusifu. Hazikupita siku nyingi tukaitwa. Fimbo mbili za chuma zilikuwa zinacheza kichwani, ile kubwa ikitikiswa inalia maji tumboni, na zile tulizozisugua zimeanza madoa ya kutu. Malipo yetu ya siku kadhaa yakaishia kwa fundi.

Tulikosea wapi? Kichwa cha fimbo hakikupigiliwa misumari. Kimeshikwa na gundi, na gundi hiyo haipendi moto. Vilevile ule mng'ao wa chuma ni utando mwembamba tu uliopakwa juu, kama wa bampa la gari. Mchanga ukiukwaruza, maji hupata mlango wa kuingia, na kutu hufuata.

Njia nzuri ni hii. Weka maji ya uvuguvugu katika ndoo, maji unayoweza kutia mkono bila kushtuka. Tia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Maji yawe machache, yafunike vichwa tu na yasifike kwenye ile pete ndogo ya plastiki iliyo pale mpini unapoingia kichwani. Zitie fimbo za chuma peke yake, uziache dakika tano au kumi. Halafu chukua mswaki wa zamani na usugue kwa kufuata mifereji. Udongo uliogoma utoe kwa kijiti kilichochongwa. Usitumie msumari, wala kisu, wala waya wa kusugulia sufuria. Msumari unaweza kupanua mfereji, na mfereji ukizidi kipimo fimbo hairuhusiwi katika mashindano.

Fimbo zenye kichwa kikubwa usizitumbukize kabisa. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Kama ni zile za zamani za mti halisi, ndiyo usithubutu, maana mti hunywa maji ukavimba na kupasuka. Ukimaliza yote, kausha kila kichwa kwa kitambaa kikavu, na usikivishe kofia yake kabla hakijakauka. Fimbo mbichi iliyofunikwa hupata kutu upesi kuliko iliyoachwa wazi.

Neno moja hapa. Ukikuta fimbo fupi ya chuma yenye rangi ya kutu uso mzima, usikimbilie kuisugua. Ziko zinazotengenezwa makusudi bila utando wa kung'aa, na wenyewe wanazipenda hivyo hivyo. Muulize mwenye mali kwanza.

Sasa mshiko. Watu wengi huosha kichwa na kusahau mahali mkono unaposhika. Mshiko mara nyingi ni wa mpira. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi huukalia mpaka unakuwa laini kama sabuni. Mchezaji akihisi unateleza hubana mikono kwa nguvu, mabega yanakakamaa, na mpira unakwenda msituni. Halafu anayetumwa kuutafuta ni nani? Ni wewe. Usafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, upige mswaki taratibu, ufute sabuni yote, uuache kivulini. Juu kabisa kuna tundu dogo. Usiache maji yaingie humo. Mafuta ya taa na petroli ni marufuku, yanaula mpira. Mshiko ukishakuwa mgumu na kuonyesha nyufa hakuna dawa ila kuubadilisha. Anayecheza kila wiki hushauriwa abadilishe mara moja kwa mwaka.

Mipini iko ya aina mbili. Ya chuma cha pua hushikwa na kutu, hasa pale inaposuguana na mdomo wa mfuko. Ifute, na mara mojamoja ipitishie kitambaa chenye mafuta mepesi kidogo, kisha uyapanguse mpaka mkono usiteleze. Ya nyuzi za kaboni haina kutu, lakini ina ugonjwa wake: mkwaruzo mkubwa hukata nyuzi, na siku moja hukatika ghafla mikononi mwa mchezaji. Ukiifuta, pitisha kidole polepole kutoka juu hadi chini. Ukihisi mahali palipochubuka au kusikia kama unyasi, mwambie mwenyewe kabla ya kuanza mchezo, siyo baada.

Na hili tunalisema kwa uzito. Sote tumewahi kusikia habari za shoka lililochomoka mpinini likampata mtu. Kichwa cha fimbo ya gofu huzungushwa kwa kasi kubwa kuliko shoka, na kedi ndiye husimama karibu. Kila baada ya kuosha, shika mpini kwa mkono mmoja na kichwa kwa mkono mwingine, ujaribu kukizungusha polepole. Kikicheza hata kidogo, au kikitoa sauti ya "kwa-kwa", fimbo hiyo iwekwe kando iende kwa fundi. Usione aibu kumwambia mzee mwenye mfuko, "Mzee, hii leo tusiitumie." Vijana wanaojifunza kwa fimbo za mitumba wachukue tahadhari zaidi, kwa kuwa hawajui gundi ile imekaa miaka mingapi.

Mahali pa kuweka ni pakavu na penye kivuli. Gari lililofungwa juani si ghala, joto lake hulegeza gundi na kukausha mishiko. Kama mlinyeshewa, toa fimbo zote, pindua mfuko umwage maji, uuanike ukiwa wazi.

Ukizirudisha mfukoni, zihesabu. Zikipungua, moja imebaki majanini na afadhali urudi kabla ya giza. Zikizidi 14, katika mashindano mwenye mfuko ataongezewa mapigo mawili kwa kila shimo alilocheza hivyo, hadi manne kwa mzunguko, hata kama aliyekosea kuhesabu ni kedi.