Milioni 61 kwa Penseli na Karatasi

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, wakiwemo wakazi wa Mlali, wilayani Mvomero, chini ya milima ya Uluguru. Wengi tukikutana na tarakimu nane namna hii husoma, tukashangaa, tukafunua ukurasa, kana kwamba namba kubwa ni ya wataalamu peke yao. Sivyo. Hesabu za shule ya msingi zinatosha kuipekua, na kila raia anapaswa kuzitumia. Tuanze na vigawo. Namba hii inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Igawe kwa 2 itakubali mara sita, kisha kwa 5, kwa 7 na kwa 43. Mwishoni itabaki 641. Jaribu kuigawa 641 kwa namba tasa kuanzia 2 hadi 23, zote zitaacha baki. Huna haja ya kufika 29, maana 29 mara 29 ni 841, imeshapita. Basi 641 ni tasa, tena yenye historia: mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa 4,294,967,297, ambayo Pierre de Fermat aliidhania tasa, ni 641 mara 6,700,417.

Mtu atauliza vigawo hivyo vinatueleza nini kuhusu watu. Havielezi chochote: angeongezeka mtoto mmoja tu, vyote vingetoweka. Lakini kugawanyika kuna kazi nyingine. Kwa kuwa 10, 100 na 1,000 zote zikigawanywa kwa 9 huacha 1, kila namba huacha baki ileile inayoachwa na jumla ya tarakimu zake. Wanawake walikuwa 31,687,990. Tarakimu zake zinafika 43, baki 7. Wanaume walikuwa 30,053,130. Zinafika 15, baki 6. Saba na sita ni 13, baki 4. Tarakimu za 61,741,120 zinafika 22, baki 4. Zimekubaliana.

Wapo watakaosema kompyuta imeshajumlisha. Ni kweli, ila kompyuta hujumlisha kilichoingizwa, na jedwali likinakiliwa kwa mkono linaweza kukosewa. Njia hii nayo ina mipaka: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi haitagundua, wala haithibitishi kwamba kila kaya ilifikiwa. Inachokamata ni makosa mengi ya kunakili na kujumlisha, bila kumwomba mtu ruhusa. Mkulima wa Mlali anayeuza matenga 247 ya nyanya kwa shilingi 18,500 kila moja anaweza kuihakiki vilevile 4,569,500 iliyoandikwa kwenye daftari la mnunuzi: baki 4 mara baki 5 ni 20, baki 2, na malipo nayo yanaacha 2. Kwa hiyo kanuni za kugawanyika zisifundishwe kwa ajili ya mtihani tu. Mwanafunzi apewe takwimu za nchi yake azihakiki mwenyewe, azoee kudai hesabu inayokubaliana kabla ya kuiamini.