Gari Dogo la Umeme

Malori yenye matangi marefu hutoka katika bandari ya Tanga yakiwa yamebeba petroli na dizeli. Mafuta hayo huletwa na meli kutoka nchi za mbali, nasi huyanunua kwa fedha za kigeni. Mabasi yaondokayo kituo cha Kange kwenda Dar es Salaam huyategemea. Bei ya mafuta ikipanda ng'ambo, nauli hupanda Tanga, na bei ya unga hupanda pia. Je, gari haliwezi kwenda bila petroli? Katika somo hili tutajifunza habari za gari moja dogo lililojibu swali hilo.

Gari la umeme hufanyaje kazi?

Katika gari la kawaida, petroli huchomwa ndani ya injini. Sehemu kubwa ya nishati yake hupotea kama joto. Ndiyo sababu injini ya basi lililotoka safarini huwa ya moto sana.

Gari la umeme lina betri na mota. Umeme wa betri hupita katika nyaya za shaba zilizo ndani ya mota, na nyaya hizo hugeuka kuwa sumaku. Nguvu ya sumaku huzungusha mhimili wa mota, na mhimili huzungusha magurudumu. Gari la namna hii halitoi moshi, na kelele yake ni ndogo.

Tatizo la betri

Magari ya umeme yalikuwako Ulaya na Marekani hata kabla ya mwaka 1900. Lakini betri zake zilikuwa za risasi na asidi. Zilikuwa nzito, nazo zilihifadhi umeme kidogo. Magari hayo yalikwenda mwendo mfupi tu, kisha yakahitaji kujazwa umeme tena. Kwa hiyo magari ya petroli yakaenea kila mahali. Kwa miaka mingi wenye viwanda waliamini kwamba gari la umeme ni la polepole na halifai kwa safari ndefu.

Gari lililobadili mawazo

Mwaka 2008 kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kuuza gari la mbio lenye viti viwili, liitwalo Roadster. Mafundi wake walichukua betri ndogo za lithiamu, za aina iliyotumika katika kompyuta za kubeba mkononi, wakaunganisha betri 6,831 pamoja. Uzito wa betri zote ulikuwa kilo 450 hivi.

Kwa vipimo vya Marekani, Roadster liliweza kwenda kilometa 393 baada ya kujazwa umeme mara moja. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Segera na Chalinze, ni kilometa 350 hivi. Tena lilikuwa jepesi wa mwendo. Kutoka kusimama, lilifikia mwendo wa kilometa 97 kwa saa katika muda wa sekunde nne hivi.

Gari hilo lilikuwa ghali mno. Hadi mwaka 2012 yaliuzwa magari 2,450 hivi tu. Hata hivyo, viwanda vikubwa viliona kwamba jambo hilo linawezekana. Bob Lutz, mmoja wa wakuu wa kampuni ya General Motors, alisema kwamba Roadster lilimsaidia kuwashawishi wenzake watengeneze gari la Volt, lililotumia umeme pamoja na petroli. Volt lilianza kuuzwa mwaka 2010. Kampuni ya Daimler ya Ujerumani ilinunua sehemu ya Tesla mwaka 2009, na Toyota ya Japani ikafanya vivyo hivyo mwaka 2010.

Afrika Mashariki nayo haikukaa nyuma. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha gari la umeme la viti viwili lililoundwa hapo, liitwalo Kiira EV. Mwaka 2016 Waganda walionyesha basi la Kayoola, lililosaidiwa na nguvu ya jua.

Umeme hutoka wapi?

Betri huhifadhi umeme, lakini kwanza ni lazima ijazwe. Katika Mto Pangani ilijengwa mitambo izungushwayo kwa nguvu ya maji. Mtambo wa Hale ulianza kazi mwaka 1964, na ule wa New Pangani Falls mwaka 1995. Umeme mwingine wa nchi yetu hupatikana kwa kuchoma gesi asilia, na hapo moshi hutoka penye mtambo. Maji ya mto hutegemea mvua na misitu ya milimani. Basi alindaye misitu hulinda na umeme.

Jaribio

Chukua betri mbili za tochi, nyaya mbili na balbu ya tochi. Washa balbu kwa betri moja. Kisha panga betri mbili zikifuatana, uwashe tena. Mwanga umebadilikaje? Usitumie kamwe umeme wa nyumbani katika jaribio hili.

Maswali

1. Ni kitu gani huzungusha mhimili wa mota?
2. Kwa nini magari ya umeme ya zamani hayakuenda mbali?
3. Roadster likitoka Tanga likiwa limejazwa umeme, lingebakiwa na umeme wa kwenda kilometa ngapi baada ya kufika Dar es Salaam?
4. Magari yaliyouzwa yalikuwa machache. Kwa nini basi viwanda vikubwa viliyajali?