Simu ya Nyamrerwa: Nani Huulizwa Kabla Programu Haijaundwa?

Mhamasishaji wa afya ya jamii anapobisha hodi bomani kwako siku hizi, huenda usimwone na kile kitabu kikubwa cha sajili. Anatoa simu. Anauliza nani ni mjamzito, mtoto alizaliwa lini, kama chanjo zimekamilika, na kama kuna mtu ambaye amekohoa kwa wiki mbili au zaidi. Majibu anayabonyeza papo hapo, kisha anaaga na kuelekea boma la pili.

Simu hizo ni sehemu ya vifaa ambavyo Rais William Ruto alivizindua katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tarehe 25 Septemba 2023, kwa wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini. Pamoja na simu walipewa mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima sukari, kipima joto, mizani na vitu vingine. Kila mhamasishaji, ambaye wengi wetu tungali tunamwita nyamrerwa, hutarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Programu iliyo ndani ya simu hiyo inaitwa eCHIS, yaani mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii.

Makala haya yanaeleza jinsi programu kama hiyo inavyofanya kazi, na jambo ambalo watafiti wa kompyuta wanalishughulikia sana wakati huu: namna ya kuunda programu kwa kuanza na mtu atakayeitumia, mahali alipo, kwa lugha yake na kwa simu aliyo nayo. Mkaazi wa Kochia, Kagan au Gem ana sababu ya kulifuatilia, kwa kuwa taarifa zinazoingia katika simu ile ni zake.

Pale mtandao unapokatika

Programu nyingi za miaka ya nyuma ziliundwa na watu waliokaa penye umeme na mtandao wa uhakika. Ukibonyeza kitufe, ujumbe unakwenda moja kwa moja hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayohifadhi taarifa, kisha jibu linarudi. Mtandao ukipotea, kazi inasimama. Mtu anayezunguka kutoka boma hadi boma akiwa na programu ya aina hiyo angerudi kwenye kalamu na karatasi kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa hiyo eCHIS imejengwa kwa njia nyingine. Msingi wake ni mkusanyiko wa programu huria unaosimamiwa na shirika la Medic. Huria maana yake ni kwamba mtaalamu yeyote anaweza kufungua maandishi yake ya ndani akaona yanavyofanya kazi. Orodha ya nyumba ambazo mhamasishaji anazihudumia hukaa ndani ya simu yake. Akijaza fomu, taarifa huandikwa kwanza humo humo simuni. Baadaye akipata mtandao, simu hupeleka mapya kwenye seva na kuchukua yale yaliyobadilishwa huko. Ukimwona amesimama kilimani ameinua simu juu, usidhani kazi ya mchana kutwa imepotea. Anatafuta mtandao wa kuituma tu.

Mpango huo una shida zake, na hapo ndipo wahandisi wa programu wanapoumiza vichwa. Simu ikiibwa au ikianguka majini kabla ya kutuma, taarifa za siku hiyo zimekwenda nayo. Ndiyo maana mhamasishaji anahimizwa kutuma mara kwa mara. Tena, watu wawili wanaweza kuibadilisha rekodi moja kila mmoja upande wake. Tuseme mhamasishaji ameandika kwamba mama hajajifungua, huku msimamizi wake ameandika kwamba amejifungua jana. Simu ikikutana na seva, lipi lifuatwe? Kompyuta inaweza kuchagua lililoandikwa mwisho, lakini la mwisho si lazima liwe la kweli. Mara nyingi suluhisho bora ni kuweka yote mawili na kumwachia mtu aamue. Hilo ni jambo dogo kulisema, lakini ni gumu kuliunda.

Kuna na suala la tarehe. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9, kisha miezi 18. Fomu ikidai tarehe kamili ya kuzaliwa nayo nyanya anakumbuka tu kwamba mtoto alizaliwa wakati wa palizi, mhamasishaji atabuni tarehe ili fomu ikubali kufunga. Tarehe hiyo ya kubuni ndiyo itakayohesabiwa, na mtoto anaweza kuitwa kliniki mapema au asiitwe kabisa. Muundaji wa programu aliyewahi kukaa bomani na kusikiliza ataweka nafasi ya kuandika makadirio. Asiyefika huku hatajua hata kwamba kuna tatizo.

Walivyojifunza wengine

Wengi hapa wanaijua M-Pesa, lakini wachache wanajua ilivyoanza. Majaribio yake, yaliyoanza Oktoba 2005, yalilenga mikopo midogo: mkopaji alipwe na alipe kwa simu. Waliokuwa wakiyaendesha waliona kwamba watu waliipa kazi nyingine, ya kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, iliuzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Watumiaji walionyesha njia, na wenye kampuni wakakubali kufuata. Si wote hukubali.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, kaunti yetu ilikuwa na kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini, asilimia 19.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9. Kumeza dawa kila siku bila kuruka ni jambo la uhai. Miaka kadhaa kabla ya hapo, watafiti walikuwa wamejaribu njia moja rahisi katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, pamoja na wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa. Nusu yao hivi walipelekewa SMS moja kila wiki yenye neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lancet. Miongoni mwa waliopata ujumbe, asilimia 62 walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wale ambao hawakuupata. Virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Tazama jinsi neno lile lilivyochaguliwa. Halikutaja ugonjwa, dawa wala kliniki. Bomani simu moja hushikwa na mume, mke, watoto na pengine jirani aliyeomba kupiga. Ujumbe unaosema “kumbuka kumeza ARV” ungeweza kumvunjia mtu ndoa. “Mambo?” ni salamu tu. Simu yoyote inaipokea, hata kabambe ya bei ya chini kabisa, na nyuma yake kuna muuguzi anayepiga simu. Mimi nikiulizwa mfano mmoja wa programu iliyoundwa kwa heshima ya mtumiaji, nitataja huo kabla ya ule wowote wenye picha na rangi.

Kwa upande wa wakulima, mwaka 2010 wasichana watatu wa Kenya walianzisha M-Farm, huduma ya kuwapa wakulima bei za soko kwa SMS. Nia ilikuwa njema na ilisifiwa mbali. Lakini watafiti Susan Wyche na Charles Steinfield wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walipokwenda vijijini Kenya kuuliza kwa nini wakulima wengi hawazitumii huduma za aina hiyo, waligundua kwamba mkulima na muundaji hawakuwa wakiiona simu kwa jicho moja. Kwa mkulima, simu ni ya kuongea na mtu unayemjua. Kuiandikia namba usiyoijua na kungoja ikupe bei ni jambo jingine kabisa. Uwezo wa kusoma, jinsia na aina ya simu navyo vilichangia. Yeyote anayepanga huduma ya simu kwa wauza mahindi au samaki wa kaunti hii angeanza na swali hilo.

Kuiambia kompyuta kwa Dholuo

Mama mzee akieleza maumivu yake, atayaeleza kwa Dholuo. Kama fomu iko kwa Kiingereza au Kiswahili, mhamasishaji hutafsiri kichwani, kwa haraka, akisimama uani. Kila tafsiri ya namna hiyo hupoteza kitu.

Ndiyo maana utafiti wa lugha umekuwa sehemu kubwa ya fani hii, na sehemu yake imefanywa karibu na sisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, walikusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus, ya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Ina maandishi 4,442 yenye maneno kama milioni 5.6, na sauti zilizorekodiwa za saa 177. Vilikusanywa kutoka kwa jamii, shule, vyombo vya habari na wachapishaji. Kompyuta hujifunza lugha kwa kupitia mifano mingi, na pasipo mifano haina la kujifunza. Juni 2024 Google nayo iliongeza Kiluo katika huduma yake ya kutafsiri.

Njia bado ni ndefu. Dholuo hutegemea sauti, na maandishi yetu hayaionyeshi. Neno “kendo” laweza kuwa meko, laweza kuwa kuoa, laweza kuwa tena. Msikilizaji wa Rangwe hababaiki hata kidogo, lakini mashine hubabaika. Katika mazungumzo ya harusi kosa hilo litachekesha. Katika maelezo ya dalili za mama mjamzito halichekeshi.

Kompyuta inayoandikia kompyuta

Tangu mwaka 2021, waundaji wa programu wamepata wasaidizi wa akili unde wanaowaandikia sehemu za kazi yao. Kinachoandikwa huonekana sawa, na mara nyingi ni sawa kweli. Swali linalowashughulisha watafiti ni nani anayekikagua. Msaidizi huyo hajui habari za nyanya na palizi. Ataandika fomu inayodai tarehe kamili, kwa sababu ndivyo zilivyo fomu nyingi alizojifunzia. Kazi ya mhandisi inahama kidogo kutoka kuandika hadi kupima, na kipimo kizuri hutoka kwa watu wanaoyajua maisha yanayopimwa, wakiwemo wahamasishaji wenyewe.

Sheria inakupa nini

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Una haki ya kuelezwa taarifa zako zitatumiwa kwa kazi gani, kuona zilizohifadhiwa, na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mhamasishaji akikuuliza jambo, nawe unaweza kumuuliza ni la nini na litaonwa na nani. Si utovu wa adabu.

Sheria hiyo hiyo inataka mfumo unaoweza kuhatarisha haki za watu ufanyiwe tathmini kabla haujaanza. Hilo si maneno ya karatasini. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kwamba utoaji wa kadi za Huduma haukuwa halali, kwa kuwa tathmini hiyo haikufanywa kwanza.

Mwenye malalamiko kuhusu taarifa zake anaweza kuyapeleka kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Kwa mfumo wowote ambao kaunti inapanga kuuanzisha, uwe wa afya, ushuru wa soko au mbegu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkaazi haki ya kushirikishwa na ya kuwasilisha ombi. Maoni hutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na mahali pa karibu pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Ukienda, taja fomu au ujumbe wenyewe, swali lililokukwaza, na namna ambavyo wewe ungeliuliza kwa Dholuo.